Jiwe linatoka na etiketi, sumu ya panya inaingia bila jina

Gunia la koltani la Rubaya, teritwari ya Masisi, lilikuwa na jina. Kabla vita haijaufikia mji huo mwishoni mwa mwezi wa nne 2024, utaratibu ulitaka kila gunia lipimwe, lifungwe na litiwe etiketi ya plastiki yenye namba. Namba hiyo iliandikwa kwenye daftari: shimo gani, kilo ngapi, siku gani, nani amenunua. Kasiterite ya Walikale nayo ilitakiwa kuwa na etiketi yake kabla ya kusafirishwa.

Sumu ya panya inafuata njia hizohizo kinyume. Inaingia kutoka Goma, inapita Sake, inafika Masisi-centre, Nyabiondo, Kitshanga, Mweso, na upande wa Walikale inafika Mubi na Njingala kwa njia yoyote ambayo sabuni na chumvi hufikia. Haina namba wala daftari. Mara nyingi haina hata jina. Inapimwa kwa kifuniko cha chupa, inafungwa ndani ya kipande cha sashe, na mnunuzi anaambiwa neno moja tu: "Kali."

Hapo ndipo penye aibu. Jiwe linalokwenda kwa wenye viwanda lilitafutiwa sheria, makaratasi na wakaguzi. Unga unaoingia nyumbani kwa mkulima, na ndani ya kibanda cha familia iliyokimbia vita, haukutafutiwa hata kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa Kiswahili.

Ni kitu gani hicho

Sumu za panya zinazouzwa sokoni si za aina moja. Mojawapo ni unga wa kijivu unaoelekea weusi, wenye harufu ya kitunguu saumu. Jina lake ni fosfidi ya zinki. Zinki ni metali ileile inayopakwa juu ya mabati ili yasishike kutu. Hapa imeunganishwa na fosforasi. Katika gramu 100 za unga safi, gramu 76 ni zinki na gramu 24 ni fosforasi.

Unga ukiwa mkavu hutulia. Ukimezwa, asidi ya tumbo huuvunja na kutoa gesi iitwayo fosfini. Gesi hiyo ndiyo inayoua. Inaingia katika damu, inafika kwenye chembe za mwili na kuzizuia kutumia hewa ya oksijeni. Mtu anapumua, lakini mwili wake unakosa nguvu kana kwamba hapumui. Moyo unashindwa, shinikizo la damu linaanguka, mapafu na ini vinafuata. Panya hana uwezo wa kutapika, ndiyo sababu sumu hii inampata vizuri. Mtu na mbwa hutapika, lakini kutapika hakuwahakikishii kupona.

Shirika la Afya Duniani limeiweka fosfidi ya zinki katika kundi la Ib, yaani kundi la sumu zenye hatari kubwa. Chambo kilichotengenezwa kwa utaratibu huwa na takriban gramu 2 za fosfidi hiyo katika kila gramu 100. Zilizobaki ni nafaka na vitu vingine vya kumvuta panya. Katika unga uliopimwa kwa kifuniko cha chupa, hakuna anayejua kama ni 2, ni 20, au ni unga wote. Muuzaji hajui na mnunuzi hajui.

Kuna ndugu yake anayeitwa fosfidi ya alumini. Huyu huja kama vidonge vya kijivu ndani ya kopo au mrija uliozibwa, na kazi yake ni kuua wadudu katika maghala makubwa ya mahindi na maharagi. Yeye hasubiri kufika tumboni. Unyevu wa hewa tu unatosha kumfanya aanze kutoa fosfini. Kidonge kimoja cha gramu 3 hutoa gramu 1 nzima ya gesi hiyo. Ndiyo sababu vidonge hivi vilitengenezwa kwa ajili ya maghala yanayozibwa kabisa kwa siku kadhaa, yasiyolala mtu ndani, na yanayofunguliwa na watu waliofundishwa. Havikutengenezwa kwa ajili ya chumba cha kulala.

Jamaa moja, heshima mbili

Jamaa hii ya fosfidi ina ndugu wengine, na hao wanaheshimiwa sana.

Kila jioni, msikilizaji wa Masisi anapofungua redio yake, taa ndogo nyekundu huwaka kuonyesha kwamba betri bado ina nguvu. Taa ndogo nyekundu za namna hiyo hutengenezwa kwa fosforasi iliyounganishwa na metali kama galiamu, indiamu na alumini. Fosfidi ya galiamu ndiyo iliyotumika kutengeneza taa nyingi nyekundu na za kijani tangu miaka ya 1960. Fosfidi ya indiamu hutengeneza leza zinazotuma mwanga ndani ya nyaya zinazopita chini ya bahari hadi Mombasa na Dar es Salaam. Mwanga huo ndio unaobeba intaneti na ujumbe wa simu. Hata fosfidi ya zinki, hiyohiyo ya panya, watafiti wamekuwa wakiijaribu tangu miaka ya 1970 ili watengeneze nayo paneli za sola.

Vitu vya namna hii huitwa semikondakta. Havipitishi umeme kwa urahisi kama waya wa shaba, wala havizuii kabisa kama mpira. Vinapitisha kwa kiasi, na mwenye kiwanda anaweza kuamua vipitishe lini. Tabia hiyo ndiyo iliyozaa redio ndogo, simu na sola. Aliye na redio au simu asiogope: fosfidi iliyo ndani ya taa ni punje ndogo sana iliyofunikwa kwa plastiki ngumu, na haimdhuru mtu anayeitumia.

Linalopaswa kuangaliwa ni jinsi wenye viwanda wanavyoitunza. Katika viwanda vya semikondakta, gesi ya fosfini hukaa ndani ya mitungi iliyofungiwa katika kabati za chuma zenye mashine za kuvuta hewa. Vifaa vya kunusa gesi hupiga kengele kabla pua ya mtu haijasikia chochote. Kwa sheria ya kazi ya Marekani, mfanyakazi hatakiwi kuvuta, kwa wastani wa siku nzima ya kazi, zaidi ya sehemu 0.3 za fosfini katika sehemu milioni moja za hewa. Wataalamu wa huko wanahesabu sehemu 50 kuwa hatari ya mara moja kwa uhai.

Sasa na apimwe mkimbizi wa ndani. Kibanda cha shitingi chenye urefu wa mita 4, upana wa mita 3 na kimo cha mita moja na nusu kina hewa ya mita 18 za ujazo. Kidonge kimoja cha gramu 3 kikimaliza kutoa gesi yake humo, usiku, mlango ukiwa umefungwa kwa ajili ya baridi ya milima ya Masisi, hewa inafikia takriban sehemu 40 kwa milioni. Hiyo ni zaidi ya mara 100 ya kipimo anachoruhusiwa mfanyakazi wa kiwanda. Vidonge viwili vinapita ile 50. Na aliyelala mle si mtu mzima mwenye kinyago. Ni mtoto wa miaka miwili aliyelazwa juu ya gunia la chakula cha msaada.

Kanuni za Sphere, ambazo mashirika ya misaada huzifuata, zinataka kila mtu apate angalau mita za mraba 3 na nusu chini ya paa. Kibanda hicho, basi, kinatosha watu watatu. Waliolala humo mara nyingi ni sita, saba, pamoja na sufuria, mbegu, na sashe ya sumu iliyochomekwa kwenye mti wa paa.

Yaliyotokea kwa wenye nyumba nzuri

Atakayesema kwamba hizi ni hofu za watu wa kambini, na aangalie yaliyotokea mbali.

Mwezi wa pili 2015, mjini Fort McMurray, Kanada, familia moja ilitumia vidonge vya fosfidi ya alumini vilivyoletwa kutoka Pakistani ili kuua kunguni nyumbani. Watoto wawili wadogo walikufa. Mwezi wa kwanza 2017, mjini Amarillo, Texas, dawa ya fosfidi ya alumini iliwekwa chini ya nyumba. Kisha mtu wa nyumba hiyo akajaribu kuiosha kwa maji. Maji yaliamsha gesi. Watoto wanne wa familia moja walikufa.

Familia hizo ziliishi katika miji yenye hospitali na magari ya wagonjwa yanayoitwa kwa simu, na serikali zao zina sheria kali juu ya dawa hizo. Hata hivyo zilizika watoto, kwa sababu dawa ya ghala iliingia nyumbani na mwenye nyumba hakujua maji yanafanya nini juu yake. Masisi na Walikale hakuna gari la wagonjwa linaloitwa kwa simu likaja kwa dakika kumi. Kuna tipoyi, kuna pikipiki, kuna barieri, kuna tope. Mahali palipo na matibabu machache ndipo etiketi inapohitajika zaidi, na ndipo isipokuwepo.

Muuguzi afanye nini na unga usio na jina

Wengi wanadhani etiketi ni kazi ya wasomi na wenye ofisi. Muuguzi wa kituo cha afya angewaeleza vingine.

Mtoto akiletwa akiwa amemeza sumu ya panya, swali la kwanza ni: sumu gani? Kama ni ile inayozuia damu kuganda, dalili zinaweza kuchelewa kwa siku kadhaa, na dawa yake ipo, nayo ni vitamini K. Kama ni ile ya jamii ya dawa za wadudu inayotoa mate na jasho na kubana mboni za macho, atropini inaweza kumwokoa. Kama ni fosfidi, hakuna dawa ya kuiondoa mwilini. Kinachobaki ni kumsaidia mgonjwa apumue, kulinda moyo na shinikizo la damu, na kumwahisha hospitali kuu bila kupoteza saa moja.

Hizo ni njia tatu tofauti kwa mtoto mmoja. Bila jina, muuguzi anabahatisha. Na kama mzazi hakuona mtoto akimeza, kuumwa kichwa, kutapika, kulegea na kubanwa kifua vinafanana na malaria, na vinafanana na magonjwa mengine yanayozunguka kambini. Mtoto anapewa dawa ya malaria, anarudishwa nyumbani, na usiku moyo wake unasimama.

Kisha linakuja janga la pili. Mtoto akifa ghafla, na hakuna aliyejua kulikuwa na unga mwekundu, mweupe au wa kijivu ndani ya sashe, jirani ndiye anayeshukiwa. Katika Kivu, neno karuho linatosha kuwasha moto. Mama mzee anaitwa mwenye sumu, nyumba inazungukwa, na watu waliokimbia vita pamoja wanageuka maadui. Sumu ya kweli inaendelea kuuzwa sokoni siku ya pili yake, kwa kipimo kilekile cha kifuniko.

Kuna jambo lingine linalosemwa kwa sauti ya chini. Familia iliyohama mara tatu imebeba huzuni nyingi, na sumu kali iliyo karibu na mkono huondoa nafasi ya mtu kutuliza moyo na kusaidiwa. Sri Lanka ilipiga marufuku dawa kali za kilimo moja baada ya nyingine, na kati ya mwaka 1995 na 2005 idadi ya watu waliojiua ilishuka karibu nusu. Taabu za maisha hazikwisha katika miaka hiyo kumi. Kilichopungua ni sumu iliyokuwa ikikaa nyumbani bila mlinzi.

Majibu kwa wanaotetea soko huria la sumu

Wapo wanaosema kwamba bila sumu, panya watamaliza chakula. Wana haki ya kulalamika. Mwezi wa pili 2025, kambi zilizozunguka Goma zilipobomolewa, maelfu ya familia zilirudi Masisi kwenye nyumba zilizobaki kuta tu. Mkulima aliyepata mbegu za maharagi kwa shida hawezi kumwachia panya. Lakini hakuna anayedai panya waachwe. Kinachodaiwa ni kwamba chombo cha kumuua panya kiwe na jina, kipimo na onyo. Panga pia ni chombo cha kazi, lakini hakuna anayeliuza likiwa limefunikwa ndani ya sashe ili mtoto alishike bila kujua.

Wapo wanaosema kwamba serikali haipo, vita inaendelea, kwa hiyo hakuna wa kusimamia. Jibu lake liko mlangoni mwa soko. Kila asubuhi ya soko kuna mtu anayepita na karatasi za ushuru. Hakosi hata mama mwenye mafungu matatu ya sombe. Kila barieri ina mtu anayefungua mizigo na kuhesabu katoni. Awe ametumwa na nani, mtu anayeweza kuhesabu katoni anaweza pia kuuliza ndani ya katoni mna nini. Vita haijamzuia kuchukua ushuru, basi isiwe kisingizio cha kutouliza jina la sumu.

Wapo pia wanaosema kwamba ni juu ya mzazi kuficha sumu mbali na watoto. Aifiche wapi? Kibanda hakina kabati, hakina kufuli, hakina chumba cha pili. Kumlaumu mama huyo ni kumtwisha mzigo ulioangushwa na wote waliomtangulia: aliyetengeneza, aliyeingiza, aliyegawa kwenye sashe na aliyechukua ushuru.

Na wapo wanaosema etiketi hazina maana kwa sababu hata zile za koltani zilidanganywa. Ni kweli, wachimbaji wa Masisi wanajua jinsi jiwe lisilo na haki lilivyoweza kuvaa namba ya jiwe lenye haki. Lakini hakuna aliyesema kwa sababu hiyo jiwe liachwe bila jina. Dunia iliongeza sheria. Marekani ilipitisha yake mwaka 2010. Mwezi wa tisa mwaka huohuo Kinshasa ilisimamisha uchimbaji katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema hadi mwezi wa tatu 2011, na familia nyingi zikalala njaa kwa ajili ya usafi wa jiwe. Umoja wa Ulaya ukaleta sheria yake iliyoanza kazi tarehe 1 mwezi wa kwanza 2021. Kama watu wa Walikale waliweza kubeba mzigo huo ili simu ya mgeni iwe safi, mgeni na mwenyeji wanaweza kubeba mzigo mwepesi zaidi ili ugali wa Walikale uwe salama.

Yanayodaiwa

Kanuni si ngeni. Tangu mwaka 1985, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lina kanuni za mwenendo juu ya dawa za kuua wadudu na panya. Zinataka etiketi iliyo wazi, kwa lugha inayoeleweka mahali dawa inapouzwa. Zinakataza kuhamishia dawa hizo ndani ya vyombo vya chakula na vinywaji. Masoko ya Masisi na Walikale hayahitaji kanuni mpya. Yanahitaji hiyo itekelezwe.

La kwanza: Ofisi ya Kongo ya Udhibiti, OCC, ambayo kazi yake ni kukagua bidhaa zinazoingia, pamoja na yeyote anayesimamia mipaka, wasipitishe sumu ya panya isiyo na jina la kitu kilicho ndani, kipimo chake, na onyo kwa Kiswahili na Kifaransa, pamoja na picha kwa asiyejua kusoma.

La pili: kamati za masoko zizuie kabisa kupima sumu kwa kifuniko. Sumu iuzwe ikiwa imefungwa na mwenye kiwanda, mahali pamoja panapojulikana, mbali na unga, chumvi na sukari, na isiuzwe kwa mtoto aliyetumwa.

La tatu: vidonge vya fosfidi ya alumini visiuzwe kwa mtu wa nyumbani. Viwe mikononi mwa wenye maghala na vyama vya wakulima waliofundishwa, na kila kidonge kiandikwe kama lilivyoandikwa gunia la koltani: nani amechukua, vingapi, kwa ghala gani.

La nne: ofisi za kanda za afya ziandike kila tukio la sumu kwa jina la sumu. Leo mengi yanaandikwa kwa neno moja, "sumu", na yasiyohesabiwa hayana bajeti.

La tano: mashirika yanayogawa chakula yagawe pia chombo cha kukitunza. Kumpa mama kilo 50 za mahindi ndani ya kibanda chenye panya, kisha kuondoka, ni kumsukuma kwa mikono miwili kwenye meza ya muuza sumu.

Wakati madai yanasubiri

Familia haiwezi kungoja barua ifike ofisini. Kuna mambo yanayowezekana leo.

Maharagi na mahindi yaliyokauka vizuri juani, yakijazwa hadi mdomoni ndani ya bidoni ya plastiki iliyo safi na kufungwa barabara, hayahitaji kidonge chochote. Wadudu waliomo hukosa hewa na kufa, na panya hapiti kwa urahisi. Mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa hufanya kazi hiyohiyo, ingawa yenyewe inahitaji kulindwa na meno ya panya. Mtego na paka ni vya zamani, lakini havina sumu. Chakula kikiinuliwa juu ya chanja, na miguu ya chanja ikizungushiwa bati laini, panya huteleza.

Aliyekwisha kununua sumu asiiweke karibu na chakula wala mahali pa kulala, na asiitie kamwe ndani ya chupa ya soda au kopo la maziwa. Vidonge vya ghala visilalwe navyo chumba kimoja, na visimwagiwe maji. Panya aliyekufa kwa sumu afukiwe chini sana, mbali na mbwa na kuku. Upande wa Walikale, ambako panya wa porini ni kitoweo, panya aliyeokotwa amekufa asipikwe.

Mtu akimeza sumu, asipewe maji, maziwa, mafuta ya mawese wala mayai, na asilazimishwe kutapika. Fosfidi ikikutana na maji na asidi ndiyo hutoa gesi. Atolewe mahali penye hewa nzito, apelekwe kituo cha afya mara moja, hata kama bado anaongea vizuri, na sashe yenyewe ibebwe ikiwa imefungwa ili muuguzi aione. Kama watu wengi wa nyumba moja wanaumwa kichwa na kutapika usiku mmoja, na kuna harufu ya kitunguu saumu au samaki aliyeoza, wote watoke nje kwanza. Maswali yafuate baadaye. Na pua isitegemewe: fosfini iliyo safi kabisa haina harufu.

Haya ni mambo ambayo etiketi moja yenye mistari kumi ingeyasema. Kwa kuwa etiketi haipo, inabidi yasemwe redioni, kanisani, msikitini, shuleni na kwenye mstari wa kuchota maji.

Ulimwengu uliweza kufuata jiwe kutoka shimo la Rubaya hadi ndani ya simu ya mtu asiyejua Rubaya iko wapi. Hauwezi kudai kwamba umeshindwa kufuata unga wa kijivu kutoka mpakani hadi kwenye kibanda cha shitingi. Siku sumu ya panya itakapoandikwa jina lake kwa Kiswahili katika soko la Mubi na soko la Masisi-centre, mama aliyehama atajua kwamba mwanawe naye amehesabiwa. Hadi siku hiyo, kila anayechukua ushuru wa meza ya sumu na aulizwe swali lile analouliza muuguzi usiku: kuna nini ndani?